Blefaritisi: la kufanya ukishaambiwa kope zako zina ugonjwa sugu

Blefaritisi ni uvimbe wa ukingo wa kope, pale nywele za kope zinapochomoza. Hauambukizi, ni nadra sana kupofusha, na hauna dawa ya kuumaliza moja kwa moja. Hutulia, hurudi, hutulia tena. Anayeanza matibabu akitegemea kichupa kimoja cha matone hukata tamaa mapema, kwa sababu hapa matone ni msaidizi tu. Kazi yenyewe hufanywa na joto, vidole na pamba, kila siku, kwa utaratibu uleule.

Uliza una aina gani

Kabla hujaachana na daktari wa macho, muulize mambo mawili: ugonjwa uko upande wa mbele wa ukingo wa kope au wa nyuma, na je, ameona dalili za utitiri? Majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha pa kuweka nguvu.

Aina ya mbele hukaa kwenye mashina ya nywele. Huletwa na bakteria wa kawaida wa ngozi, hasa stafilokokasi, au na ngozi yenye mafuta mengi na mba, ileile ya kichwani. Hii huonekana kwa macho: magamba, ukoko, nywele zilizogandana asubuhi, nyingine zimekatika au zimeng'oka.

Aina ya nyuma ni ya vitezi vya mafuta vilivyojipanga ndani ya kope, takriban 25 hadi 40 katika kope ya juu na 20 hadi 30 katika ya chini, kila kimoja na kitundu chake kwenye ukingo. Mafuta hayo yanatakiwa kutoka yakiwa mepesi na kutandaa juu ya machozi ili yasikauke. Yakiganda hutoka mazito kama dawa ya meno, au hayatoki kabisa. Machozi hukauka kabla hujapepesa tena, jicho linawaka na kuhisi mchanga, kisha linamwaga machozi mengi ya kujihami. Ndiyo maana mtu mwenye macho yanayochuruzika huandikiwa dawa ya macho makavu, na daktari hajakosea. Kuona ukungu unaoondoka ukipepesa nako kunatokana na hilo. Wengi wana aina zote mbili kwa pamoja.

Joto: hapa ndipo wengi hukosea

Lengo la kukanda kope ni kuyeyusha mafuta yaliyoganda na kulainisha ukoko. Ili mafuta yalainike, kope inahitaji joto la nyuzi 40 hivi za Selsiasi kwa dakika 5 hadi 10 mfululizo. Sasa angalia kinachotokea na kitambaa cha kawaida: unakichovya kwenye maji ya moto, unakikamua, unakiweka juu ya macho, na baada ya dakika mbili au tatu kimeshapoa. Ukikiacha hapo dakika kumi, umekanda kwa joto dakika mbili tu, zilizobaki umejipoza. Watu hufanya hivyo mwezi mzima, halafu husema kukanda hakusaidii.

Tumia vitambaa viwili safi, bakuli, na chupa ya chai yenye maji ya moto pembeni. Kimoja kikiwa machoni, kingine kiko tayari. Badilisha kila baada ya dakika mbili, ukiongeza maji ya moto kwenye bakuli kila yanapopoa. Kabla ya kukiweka, kigusishe upande wa ndani wa kifundo cha mkono: kiwe cha moto wa kustahimilika, kisichochoma. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko yoyote mwilini, na huungua upesi.

Maski ya macho ya kupasha kwenye maikrowevu hutunza joto vizuri zaidi na hupunguza usumbufu huu wote. Kama unaweza kuipata, inafaa. Fuata sekunde zilizoandikwa, kisha ikande mkononi kwanza, maana sehemu moja inaweza kuwa ya moto sana na nyingine vuguvugu. Usiigandamize. Kope iliyopashwa ikikandamizwa kwa nguvu huisukuma konea, kile kioo cha mbele ya jicho, iliyo chini yake, na utaona ukungu kwa muda baadaye.

Kukamua vitezi

Hili ni la wenye aina ya nyuma, na lifanyike mara tu baada ya joto, kabla mafuta hayajaganda tena. Nawa mikono. Kwa kope ya juu, tazama chini, weka ubavu wa kidole chini kidogo ya nyusi, ukishushe taratibu hadi kwenye nywele za kope. Kwa ya chini, tazama juu na upandishe kidole kuelekea nywele. Yaani mwelekeo ni mmoja, kwenye ukingo, kwa sababu vitundu viko huko. Kusugua kwa duara au kulia na kushoto hakukamui kitu. Mara 5 hadi 10 kwa kila kope zinatosha, kwa nguvu ya kusogeza ngozi bila kuumia. Usitumie kucha. Mafuta machafu yakiingia jichoni huchoma kidogo na kuleta ukungu kwa dakika chache; utayafuta katika hatua inayofuata.

Kusafisha ukingo

Kuna vitambaa maalumu vya kusafishia kope na povu la kope, na hivyo ndivyo rahisi kuvizoea. Usipovipata, chemsha maji, yaache yapoe, kisha chukua kikombe kimoja, kama mililita 240, uchanganye na robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda. Tengeneza mapya kila siku. Wengine hutumia shampuu ya watoto, matone mawili au matatu kwenye nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Inasafisha, lakini hukausha, na kwa baadhi ya watu huwasha zaidi, hivyo isuuze vizuri na uiache ikikukataa.

Simama mbele ya kioo, ikiwezekana kile cha kukuza. Chovya kijiti cha pamba, kikamue kisidondoshe. Kwa kope ya chini, ivute chini kidogo kwa kidole ili ukingo uachane na jicho. Sasa utaona mstari mwembamba wa ngozi, nywele zikiota mbele yake na vitundu vya mafuta nyuma yake. Pitisha kijiti juu ya mstari huo na kwenye mashina ya nywele, toka pembe moja hadi nyingine, mara kumi hivi. Kwa kope ya juu, funga jicho, vuta kope kuelekea juu na ufute mashinani. Pamba isiguse mboni. Tumia kijiti kipya kwa kila jicho.

Kosa la kawaida ni kufuta ncha za nywele na ngozi ya nje ya kope. Hapo pamba hutoka chafu na moyo hutulia, lakini uchafu wenye madhara umebaki mashinani. Kosa la pili ni kubandua ukoko mkavu kwa kucha, jambo ambalo hung'oa nywele na kuacha kidonda. Ukoko ukigoma kutoka, rudisha kitambaa cha moto.

Fanya yote haya mara mbili kwa siku kwa wiki nne za mwanzo. Asubuhi na kabla ya kulala ndiyo saa zinazofaa. Siku za kwanza kope zinaweza kuwa nyekundu zaidi kwa ajili ya kushikwashikwa. Nafuu ya kweli huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya sita. Baada ya hapo shuka hadi mara moja kwa siku, na usiache eti kwa sababu macho yametulia. Yametulia kwa sababu unasafisha. Kama wekundu unazidi baada ya wiki mbili, kishuku kwanza unachosafishia.

Kama ni utitiri

Demodeksi ni wadudu wadogo mno, wasiofika nusu milimita, wanaoishi kwenye mashina ya nywele. Watu wazima wengi wanao bila kuugua. Shida huanza wakizidi. Dalili yake ni bayana ukijua pa kutazama: kila nywele imevikwa kikoti cha nta inayong'aa pale chini inapochomoza, kinachoonekana vizuri daktari anapokuambia utazame chini. Muwasho huwa mkali asubuhi.

Usafi wa kawaida huwapunguza tu. Vitambaa vya kope vyenye mafuta ya mti wa chai, au kiini chake kiitwacho terpineni-4-oli, husaidia, lakini viwe vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya kope. Mafuta halisi ya mti wa chai yasiyochanganywa huunguza konea; yasikaribie jicho kabisa. Mwezi Julai 2023 Marekani iliidhinisha matone ya lotilana ya asilimia 0.25, yanayotiwa tone moja asubuhi na jingine usiku kwa wiki 6. Hayapatikani kila mahali. Wiki zote hizo zina sababu: mayai huendelea kuanguliwa, hivyo tiba ya siku kumi huua waliopo na kuacha wajao. Foronya na taulo za uso zifuliwe kwa maji ya moto mara kwa mara.

Dawa na mpangilio wake

Safisha kwanza, dawa baadaye. Dawa iliyopakwa juu ya ukoko huishia kwenye ukoko. Ukiwa na matone ya aina mbili, yaachanishe kwa dakika tano. Marhamu huwa ya mwisho, kwa sababu matone hayapenyi juu yake.

Marhamu ya antibiotiki, kama kloramfenikoli au erithromaisini, hupakwa kwenye ukingo usiku, kiasi cha punje ya mchele, kwa ncha ya kidole safi. Hutia ukungu, hivyo ipakwe ukiwa tayari kitandani. Aina ya nyuma iliyokaidi huandikiwa vidonge vya doksisaiklini kwa wiki kadhaa. Vinywe na glasi nzima ya maji na usilale kwa nusu saa, la sivyo vitachoma umio. Visinywewe pamoja na maziwa, madini ya chuma wala dawa za kupunguza asidi tumboni, maana huzuia visifyonzwe. Ngozi huungua jua kwa urahisi ukiwa navyo, na havifai kwa wajawazito wala watoto wadogo.

Matone ya steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, huleta nafuu ya haraka ajabu, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu hujinunulia tena na tena, huku presha ya jicho ikipanda kimyakimya na mtoto wa jicho akijijenga. Yatumike kwa siku alizotaja daktari tu, na usirithi kichupa cha mtu mwingine.

Machozi bandia yanaruhusiwa kwa wingi. Ukiyatia zaidi ya mara nne kwa siku, chagua yasiyo na kihifadhi. Benzalkoniamu kloridi, kihifadhi kinachotumika sana, chenyewe huudhi jicho. Kuhusu vidonge vya mafuta ya samaki, tusitie chumvi: jaribio kubwa lililochapishwa Marekani mwaka 2018 liliwapa wenye macho makavu miligramu 3,000 za omega-3 kwa siku kwa mwaka mzima, na hawakupata nafuu kuliko waliopewa mafuta ya zeituni.

Yanayochochea

Wanja unaopakwa ndani ya mstari wa nywele huziba vitundu vya mafuta. Uache, au upake nje ya nywele tu. Maskara na wanja uliotumia wakati macho yamewaka vitupwe, na vipya visizidi miezi mitatu. Nywele za kubandika ziahirishwe, kwani gundi yake hukaa palepale unapohangaika kusafisha. Lenzi za kuvaa jichoni ziwekwe kando hadi wekundu uishe.

Mbele ya skrini watu hupepesa mara chache na nusunusu, na vitezi hutegemea kupepesa ili vitoe mafuta. Kila baada ya dakika ishirini funga macho kabisa kwa sekunde mbili, mara kadhaa. Upepo wa feni au kiyoyozi usielekezwe usoni.

Tibu pia ngozi. Mba ya kichwani, au rozasia (wekundu sugu wa ngozi ya uso), ikiachwa, kope hazitatulia. Na mtajie daktari dawa zako zote: isotretinoini ya chunusi hukausha vitezi hivyo, na baadhi ya matone ya glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho) huvuruga ukingo wa kope. Usiache dawa ya glakoma kwa uamuzi wako, inaweza kubadilishwa.

Wakati wa kurudi kwa daktari

Chokea, kile kipele kinachouma kwenye shina la nywele, na kinundu kisichouma ndani ya kope hutokea mara kwa mara kwa wenye blefaritisi, na vyote hukandwa kwa joto mara nne kwa siku. Usivitumbue. Kinundu kikikaa zaidi ya mwezi, kionwe. Kikirudi palepale kila mara, au kope moja tu ikawa nene na kupoteza nywele bila kupona, omba kichunguzwe kwa kipimo cha nyama, kwa sababu saratani ya vitezi vya mafuta hujificha kwa sura hiyohiyo.

Nenda siku hiyohiyo ukipata maumivu makali, mwanga ukikuumiza, uoni ukipungua bila kurudi ukipepesa, au ukiona doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho. Hiyo ni konea inalalamika. Nywele zinazoota kuelekea ndani na kukwaruza jicho zinahitaji kung'olewa na mtaalamu.

Na kama umepangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie mpasuaji mapema kwamba una blefaritisi. Kope chafu huongeza hatari ya bakteria kuingia ndani ya jicho, na machozi yasiyotulia hupotosha vipimo vya lenzi itakayowekwa. Huenda akasogeza tarehe wiki kadhaa ili kope zisafishwe kwanza, kubali.