Somo: Kanuni za malezi ya awali zikibadilika, hakikisha zinamfikia mlezi wa zamu

Walezi wenzangu na wasimamizi wa vituo, salaam.

Karatasi moja ndiyo iliyonifundisha haya ninayoandika. Ilikuwa imebandikwa juu ya meza ya kubadilishia nepi, imegundishwa pembe zote nne, wino umeanza kufifia. Ilisema mtoto akiumia, andika kwenye daftari, mzazi aelezwe atakapokuja kumchukua. Kanuni ilikuwa imebadilika miezi mitano kabla: mzazi apigiwe simu papo hapo. Waraka mpya nilikuwa nimeusoma, nikautia saini na kuuweka kwenye faili. Siku mtoto alipoanguka akapasuka mdomo, mlezi wa zamu hakufungua faili, alitazama ukutani. Mama akafika jioni, akamkuta mwanawe mdomo umevimba, na hakuna aliyemwambia. Mlezi hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo nafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua kanuni zinaingia kwa milango mingapi

Wengi wetu tunaitazama ofisi inayotoa leseni tu. Lakini kituo kinaguswa pia na watu wa afya, zimamoto, ulinzi wa mtoto, ajira, faragha ya taarifa na usalama wa bidhaa. Chukua mfano wa vitanda vya watoto vyenye ubavu unaoshuka, kule Marekani. Ule ubavu ulikuwa ukiachia upande mmoja, mtoto anateleza kwenye mwanya na kukosa hewa. Waliovipiga marufuku ni tume ya usalama wa bidhaa za walaji, si watu wa elimu. Watengenezaji na wauzaji walibanwa kuanzia tarehe 28 Juni 2011, na vituo vya kulelea watoto vikapewa hadi tarehe 28 Desemba 2012. Msimamizi aliyekuwa akisubiri habari za leseni peke yake, jambo kama hili ni rahisi limpite.

Kwa hiyo orodhesha kila mamlaka inayokugusa, inapotangazia mabadiliko yake, na jina la mtu wa kituoni kwako atakayepachungulia. Panapowezekana, jiandikishe upokee taarifa kwa barua pepe, tena kwa anwani ya kituo, isiwe ya mtu binafsi. Mtu akiacha kazi, taarifa zisiondoke naye. Tenga siku moja ya wiki, nusu saa inatosha.

Hatua ya 2: Soma andiko lenyewe, kisha tafuta tarehe

Ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp ni kengele tu. Nenda kwenye andiko la mamlaka. Kwanza hakikisha si rasimu ya kukusanya maoni, maana nimeona kituo kikinunua vifaa kwa sababu ya rasimu ambayo haikupita. Halafu tafuta lini kanuni ilitolewa, lini inaanza kutumika, na lini muda wa mpito unakwisha. Mambo mengine huja kwa awamu. Mfumo wa kitaifa wa Australia ulianza tarehe 1 Januari 2012, na uwiano wa mlezi mmoja kwa watoto wanne walio chini ya miaka miwili ukaanza wakati huohuo. Lakini uwiano wa mmoja kwa watano, kwa wenye miaka miwili hadi mitatu, ulisubiri hadi Januari 2016 katika sehemu kubwa ya nchi. Andiko ni moja, tarehe ni mbalimbali.

Hatua ya 3: Tenganisha "lazima" na "inapasa"

Hapa soma polepole. Mwongozo wa malezi ya awali wa Uingereza ulioanza Septemba 2025 unasema watoto wanapokula ni lazima wawe mahali ambapo mlezi anawaona na kuwasikia. Halafu unasema walezi, inapowezekana, inapasa wakae wakiwatazama watoto usoni. La kwanza halina mjadala. La pili unaweza kushindwa kulitimiza siku fulani ukiwa na sababu ya msingi. Lakini fikiria kwa nini lililetwa: mtoto aliyepaliwa mara nyingi hatoi sauti. Ukiwa umempa mgongo huku unamimina maji, masikio yako hayatakusaidia. Kwangu mimi hili la pili nimelifanya lazima.

Hatua ya 4: Geuza kanuni iwe tendo

Chukua karatasi. Kwa kila badiliko andika nani atafanya nini tofauti, katika chumba gani, saa ngapi. Mfano: "Saa ya chakula, mlezi wa chumba cha wadogo anageuza kiti chake kitazame meza. Maji yanawekwa mezani kabla watoto hawajakaa." Badiliko likikataa kuandikika hivi, bado hujalielewa. Rudi kwenye andiko au uliza.

Hatua ya 5: Ng'oa ya zamani

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami naisisitiza kuliko zote. Zunguka kituo kizima na bahasha mkononi. Angalia kuta, ndani ya milango ya makabati, begi la huduma ya kwanza, fomu za usajili, kitabu anachopewa mlezi mpya, hata picha za matangazo zilizohifadhiwa kwenye simu za walezi. Kila kinachosema utaratibu wa zamani kitoke siku ileile mpya inapoanza kutumika. Chini ya kila karatasi mpya andika tarehe na jina la aliyeibandika.

Nakala moja ya zamani usiitupe. Andika ilitumika kuanzia lini hadi lini, uifungie. Malalamiko ya tukio la mwaka juzi yakija, utaulizwa kanuni iliyokuwepo mwaka juzi.

Hatua ya 6: Wafundishe kwa kutenda

Saini peke yake haitoshi. Fanyeni zoezi, na msimsahau mpishi, dereva, wala mlezi wa muda anayekuja mara mbili kwa mwezi. Baada ya wiki, muulize mmoja akiwa kazini: "Mtoto akiumia sasa hivi, unaanza na nini?"

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kanuni zikilegezwa, nalazimika kulegeza?

Hapana, dada. Kanuni nyingi za uwiano huweka kiwango cha chini. Uingereza, Septemba 2023, iliruhusu mlezi mmoja aangalie watoto watano wa miaka miwili badala ya wanne. Iliruhusu, haikuamuru. Ukiongeza mtoto wa tano, simama kwanza mlangoni mwa chumba hicho saa ya kubadilisha nepi, uone waliobaki wanaangaliwa na nani.

Mkaguzi ameniambia jambo ambalo silioni kwenye kanuni. Nifuate lipi?

Usibishane naye mbele ya watoto. Mwombe kwa heshima namba ya kifungu, kisha siku hiyohiyo iandikie ofisi yake: "Nimeelewa kwamba natakiwa kufanya hivi, naomba kuthibitishiwa." Likihusu usalama wa mtoto, litekeleze huku ukisubiri jibu.

Mimi nalea watoto sita nyumbani, niko peke yangu. Haya yote nitayaweza?

Shirikianeni watatu au wanne, kila mmoja achungulie mamlaka mbili na kuwapa wenzake andiko lenyewe. Hatua ya tano kwako ni dakika kumi. Usiiruke.

Mlezi wetu mkongwe anawalaza wachanga kifudifudi. Anasema amelea hivyo miaka thelathini na hakuna aliyedhurika.

Hili halisubiri kikao. Kuanzia leo mchanga alazwe chali, kila usingizi, labda daktari awe ameandika vingine. Lakini mweleze mlezi huyo chanzo cha kanuni hii, kwa sababu alichokuwa akifanya ndicho alichofundishwa, na zamani hata wataalamu walishauri hivyo. Marekani, madaktari wa watoto walibadilisha ushauri mwaka 1992, kampeni ya taifa ikafuata mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vikapungua kwa takribani nusu katika miaka iliyofuata. Kaa naye pembeni, umwambie hayo taratibu. Akishaelewa, mwombe yeye ndiye awaonyeshe walezi vijana namna ya kumlaza mtoto. Wanamheshimu, na mikono yake inajua kubeba mchanga kuliko yetu.