Kabla ya Kupanda Farasi Kwenda Kuwatazama Takhi wa Mongolia: Mambo ya Kuzingatia

Farasi wengi tunaowaita wa mwituni ni vizazi vya farasi wa kufugwa waliotoroka au kuachwa na wenyewe. Ndivyo walivyo wale wa magharibi mwa Marekani, na wale wa jangwa la Namib. Takhi, farasi wa mwituni wa Mongolia, ni jamii nyingine: ana kromosomu 66, na farasi wa kufugwa ana 64. Mara ya mwisho alionekana porini mwaka 1969, katika jangwa la Gobi ya Dzungaria. Baada ya hapo walibaki wale wa bustani za wanyama tu, mpaka mwaka 1992 kundi la kwanza la takhi 16 liliporudishwa kwa ndege kutoka Ulaya hadi vilima vya Hustai, kilomita 100 hivi magharibi mwa Ulaanbaatar, mji mkuu. Leo hapo Hustai, ambapo ni hifadhi ya taifa, wamepita 300. Unapokwenda kuwatazama ukiwa juu ya farasi, maandalizi yako si ya usalama wako peke yako. Ni ya usalama wao pia, na hilo ndilo watu wengi husahau.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza atakayekukodishia farasi si bei. Muulize: huyu ni dume, jike au maksai? Takhi na farasi wa kufugwa huzaana, na watoto wao nao huzaa. Jamii iliyookolewa kutoka kwa mababu wachache mno inaweza kupotea hivyo, kidogo kidogo, bila risasi hata moja kufyatuliwa. Tena dume la takhi hulinda majike yake kwa wivu mkali. Ukimkaribia ukiwa juu ya jike, atakuja kumchukua. Ukiwa juu ya dume, atakuja kupigana, nawe utakuwa katikati. Dai maksai, yaani dume aliyehasiwa. Wamongolia wenyewe kwa kawaida hupanda maksai, hivyo huombi jambo la ajabu.

La pili ni mwili wako. Wengi wetu Afrika Mashariki hatukukua na farasi. Mbung'o na maradhi ya farasi viliwafanya wanyama hawa kuwa wachache kwetu tangu zamani, na tulichokijua pwani ni punda. Basi usiende kujifunzia kwenye vilima vya Hustai. Tafuta mahali pa kujifunza nyumbani, Nairobi au Arusha, angalau miezi miwili kabla, na upande mara kwa mara mpaka uweze kukaa juu ya tandiko saa nne bila kuomba kushushwa. Jifunze hasa mwendo wa telki, yaani mbio za polepole za kurukaruka, kwa sababu ndio mwendo Mmongolia anaoutumia safarini, akiwa amesimama juu ya vikuku, vile vyuma vya tandiko vya kukanyagia, huku magoti yakipokea mtikiso. Farasi wao ni mdogo wa kimo lakini ni mgumu ajabu, na hakulelewa kwa kubembelezwa. Mkaribie na umpande kutoka kushoto, siku zote. Ukitaka aende, sema "chu!". Taja uzito wako kwa ukweli unapopanga safari, maana mgongo utakaoubeba uwongo huo ni wa mnyama.

Tandiko la kienyeji ni la mbao, limeinuka mbele na nyuma. Uliza kama kuna la ngozi, na hata ukilipata, vaa suruali isiyo na mshono mnene upande wa ndani wa mapaja. Kuchubuka siku ya kwanza huharibu siku zote zinazofuata. Viatu viwe na kisigino kifupi, ili mguu usipenye kwenye kikuku ukanasa. Viatu hivyo vioshe vizuri kabla ya kuondoka nyumbani, usibebe uchafu wa zizi moja hadi jingine. Kofia ngumu ya kichwa beba yako mwenyewe.

Jambo moja naliwekea mkazo kuliko vifaa vyote: usiwe na kitu kinachopepea. Farasi wa Mongolia hushtuliwa vibaya na koti la mvua linalofunguliwa ghafla juu ya mgongo wake, au mfuko wa plastiki unaochakarisha. Mvua ikianza, shuka, mpe mwongozaji wako hatamu, sogea kando uvae koti lako, ndipo urudi. Kamera na darubini vifungwe visigongegonge ubavu wa farasi. Darubini, kwa maoni yangu, ina faida kuliko lenzi kubwa ya kamera, kwa sababu utatazama kwa muda mrefu na kupiga picha kidogo.

Kuhusu majira, epuka Aprili. Upepo ni mkali, vumbi ni jingi, na farasi wa kupanda wametoka kwenye baridi kali wakiwa wamekonda. Si haki kuwabebesha. Takhi nao huzaa zaidi majira hayo ya kuchipua majani, na jike mwenye mtoto mchanga hahitaji wageni. Julai na Agosti kuna majani mengi, lakini ndipo mvua nyingi hunyesha. Mimi ningechagua Septemba: hewa kavu, mainzi wamepungua, na madume ya kulungu wekundu huita kutoka kwenye misitu ya vilimani. Usiku ni baridi hata hivyo, kwa hiyo beba nguo za sufu za kuvaa tabaka kwa tabaka.

Saa za siku ni muhimu kama mwezi. Joto na mainzi yakizidi, takhi hupanda juu vilimani penye upepo, na jioni hushuka kwenye chemchemi na mabonde. Ukitoka kambini saa nne asubuhi baada ya chai ya taratibu, umeshachelewa. Mweleze mwongozaji wako tangu jana yake kwamba mtaondoka alfajiri. Njiani tazama chini: mamoti, wanyama wa jamii ya kindi waishio ardhini, huchimba mashimo kila mahali, na guu la farasi likiingia humo, mtaanguka wote wawili. Tazama pia marundo makubwa ya samadi kando ya njia, kwa kuwa madume huyaacha kama alama.

Utawatambua haraka. Singa zao husimama wima kama za punda milia, bila nywele za kuangukia kwenye paji la uso. Rangi ni ya mchanga, pua imepauka, miguu ina michirizi. Mkiwaona kwa mbali, msiwaendee moja kwa moja. Zungukeni kwa nyuma ya kilima, upepo ukiwa unavuma kutoka kwao kuja kwenu, kisha shukeni. Mwongozaji abaki na farasi bondeni wasikoonekana, nawe upande kwa miguu, ulale kifudifudi ukingoni. Umbali wa mita 300 unatosha kabisa kwa mwenye darubini. Kundi zima likiinua vichwa na kuacha kula, umeshasogea mno. Dume likishusha shingo, masikio yamelala nyuma, likaanza kuwasukuma majike, ondoka wakati huo huo.

Afya isiachwe kwa bahati. Kupe huuma majira ya kuchipua majani na kiangazi, kwa hiyo jikague kila jioni. Usimguse mamoti, awe hai au mfu, wala usile nyama yake hata ukikaribishwa kwa upendo: wanyama hawa hubeba tauni, na mwaka 2019 mume na mke walikufa katika mkoa wa Bayan-Ölgii baada ya kula mamoti mbichi. Zungumza na daktari kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Bima yako itaje upandaji wa farasi kwa jina lake, na kusafirishwa hadi Ulaanbaatar ukiumia. Simu haishiki kila bonde, basi muulize mwongozaji ana njia gani ya kuomba msaada.

Na mkirudi jioni mkapita kwa wafugaji walio nje ya hifadhi, usikimbilie mlango wa hema lao la mviringo, ger. Simama mbali ukiwa bado juu ya farasi, uite "nokhoi khor!", yaani shikeni mbwa. Ni hodi ya huko. Ngoja mpaka mwenyeji atoke, ndipo ushuke.