Usiondoke kama mpangaji: kuaga familia iliyokulea wakati wa mafunzo

Mama yangu wa Masaka, Uganda, aliyenilea wakati wa mafunzo ya kujitolea, alipata habari za kuondoka kwangu kutoka kwa mtoto wa miaka tisa. Nilikuwa natoka kwenye mtihani wa lugha, nimefaulu, furaha haina pa kukaa, nikakutana njiani na mdogo wangu wa pale nyumbani akirudi shule. Nikamropokea: Alhamisi naenda kwenye kituo changu cha kazi. Akanitimkia mbio. Nilipofika uani kila mtu alishajua, na Jjajja, yaani bibi, alikuwa kwenye mkeka wake kaupa ukuta uso. Hadi kesho yake jioni hakunipa neno zaidi ya kuitikia salamu.

Basi wewe uliyetoka Tanga kama mimi, au Mombasa, au Bujumbura, ukaja Uganda kujitolea, yachukue haya. Shirika litakufundisha kuandika ripoti, kujikinga na malaria na kuvaa helmeti kwenye boda. Kuaga halikufundishi. Kwao mafunzo yakiisha yameisha. Familia iliyokulisha wiki kumi inaona mtoto anahama nyumbani, na inakutazama unavyohama.

Tarehe

Ziulizie mapema tarehe nne: mtihani wa lugha, kutajiwa kituo, kiapo, na siku gari linapokuja kukuchukua. Hiyo ya mwisho ndiyo haitulii. Gari langu lilipangwa Jumamosi. Jumanne ya matokeo nikapigiwa simu kwamba litakuja Alhamisi, kwa kuwa lina safari nyingine upande huo. Sikuwa nimefua, sikuwa nimeaga mtu, na nguo mbili zilikuwa kwa fundi. Tangu wiki ya tisa, basi, kaa nusu umefungasha.

Muda wa mafunzo hutofautiana. Wenzetu wa Peace Corps, shirika la kujitolea la Marekani, hufundishwa karibu miezi mitatu katika miezi yao 27. Sisi tulipewa wiki kumi, na wiki kumi zinatosha kabisa kuzoeana hadi mtu akajua unapenda matoke yenye ukoko.

Kuhusu mtihani wenyewe sina mengi. Ni mazungumzo ya ana kwa ana, na aliyenifaulisha ni Maama, yaani huyo mama yangu wa Masaka. Kila jioni tulimenya matoke pamoja, mimi naye, na sharti lake lilikuwa moja: mikono ikifanya kazi, mdomo useme Kiganda. Nilijifunza kupaka mafuta viganjani kwanza, maana utomvu wa ndizi ukikushika vidole vinakuwa vyeusi wiki nzima. Nilijifunza pia kwamba sisi Waswahili tunateleza palepale tunapojiona tunajua. Kufumba kwetu ni kwa macho, kwao okufumba ni kupika. Na posho! Siku ya kwanza niliposikia posho iko tayari nilinyoosha shingo nikidhani ni pesa za kujikimu. Ikaletwa sahani ya ugali.

Mwambie mkubwa kwanza

Hapa ndipo nilipoharibu. Habari ya kuondoka huanza kwa mkubwa kuliko wote nyumbani, hata kama hesabu za nyumba ziko kwa Maama na Taata, yaani baba. Usiitoe mezani kati ya maharage na maji ya kunywa, na usimpe mtoto aitangulize.

Jumatano jioni nilioga, nikajifunga leso juu ya gauni, nikaenda kwa Jjajja. Nikapiga magoti. Mwanamume hatapiga magoti, lakini naye akae chini, asimsimamie mzee kichwani. Nikasema sentensi niliyoifanyia mazoezi chooni: “Jjajja, nzize okukusiibula.” Nimekuja kukuaga.

Alinyamaza, kisha akanishika mkono akaugeuza kutazama kiganja, kama anayekagua nimemenya ndizi ngapi. Akaniita omukombozi.

Hilo jina lina mambo. Jjajja hakukipenda Kiswahili, na siku nilipofika alijikunja aliponisikia nikiongea na simu. Kwa watu wa rika lake huku, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa Idi Amin wakiamrisha watu barabarani. Kisha mwaka 1979 wakaja askari wa Tanzania, nao wanasema Kiswahili hichohicho, na Waganda wakawaita bakombozi. Masaka ilibomolewa Februari mwaka ule, yeye na watoto wake wamelala mgombani. Kwa hiyo neno ukombozi kinywani mwake lina shukrani na lina vifusi pia. Sasa serikali imekubali Kiswahili kuwa lugha rasmi, tangu Julai 2022, na mdogo wangu anapenda nimfundishe kuhesabu. Lakini mzee hafuati tangazo la serikali. Ushauri wangu: wiki ya kuaga, Kiswahili chako kiweke mfukoni. Waage kwa lugha yao, hata ukikosea. Ukikosea watacheka, na siku hiyo kicheko kinahitajika.

Zawadi, na aibu yangu ya kanga

Usijaribu kulipa. Nimeona wenzangu wakipiga hesabu ya chakula walichokula, wakaweka noti kwenye bahasha na kumkabidhi mama mbele ya wageni. Huyo ni mpangaji anayefunga hesabu. Shirika huwa linazipa familia kitu cha matumizi. Waulize waratibu ni nini, ujue, halafu uache. Deni lililobaki ndilo litakalokufanya urudi.

Peleka vinavyotumika. Kwa Jjajja nilipeleka sukari kilo mbili, sabuni ya mche na mkate, kama mgeni yeyote wa Buganda anayejua kwenda kwa mkubwa, nikaongeza mkeka wa ukili kutoka kwetu. Kwa Taata, betri za redio. Watoto, madaftari.

Kwa Maama nilitaka makubwa, nikaagiza kanga Tanga. Dada yangu akachagua kwa rangi, ya njano na nyeusi, nzuri mno. Mimi nami sikuikunjua. Maama akaivaa palepale juu ya gomesi, lile gauni refu la wanawake wa Buganda, akatoka kuwaonyesha majirani, na mmoja wao, aliyewahi kufanya kazi Mombasa, akaisoma kwa sauti: WEMA WANGU UMENIPONZA. Kisha akaitafsiri, Mungu amsamehe. Ikabidi nieleze mbele ya ua mzima kwamba kwetu maneno ya kanga hayamlengi mtu kila mara. Hawakuamini, na wana haki, kwa sababu hulenga. Soma jina la kanga kabla hujaitoa.

Pika chakula cha kwenu, lakini usitarajie sifa

Nazi mbili nilikuwa nimezipata Kampala na kuletewa kwa basi wiki moja kabla. Mbuzi ya nazi haikuwepo. Nilizichokonoa kwa kisu, nikazikuna kwenye kikwaruzo cha karoti, damu kidogo, tui kidogo. Wali ukatoka mzuri, namshukuru Mungu. Walikula kwa heshima, kisha Taata akauliza kwa upole kama binyebwa ipo, yaani mchuzi wa karanga. Ilikuwepo. Maama aliiandaa kimya kimya akijua mumewe. Kando yake kulikuwa na luwombo ya kuku ndani ya jani la mgomba, kuku aliyechinjwa na jirani Mwislamu kwa ajili yangu katika nyumba ya Wakatoliki. Hayo hukuyaomba, hukuyalipia, na huna la kufanya zaidi ya kula ushibe.

Madeni, vitu na ahadi

Haya yapitie haraka lakini usiyaruke. Lipa dukani ulikoandikiwa daftarini, lipa fundi, lipa kijana wa boda. Rudisha ufunguo mkononi mwa mwenye nyumba, usiuache dirishani. Chumba kifagie mwenyewe. Vitu unavyoacha, beseni, taa, ndoo, vigawie wa nyumbani kabla ya marafiki wa mtaani, kwani ndoo yako ikionekana kwa jirani kabla ya kuonekana kwa Maama, maneno yatakuwepo.

Ahadi ndizo zinazouma baadaye. Utaombwa simu, utaombwa ada ya shule. Mihula huku huanza karibu na Februari, Mei na Septemba, na ukijilegeza siku ya kuaga, simu zitaanza kuita wiki moja kabla ya kila muhula. Mimi niliulizwa, nikasema: “Sina, na sitaki kusema nitapata.” Ilikuwa ngumu kutamka. Mwenzangu mmoja aliahidi kompyuta, na mpaka leo hapiti njia ile.

Asubuhi yenyewe

Mwambie dereva mapema kwamba utahitaji saa nzima. Wangu alinipa dakika kumi, akapiga honi, na Jjajja akamtuma mtoto ampelekee chai. Dereva mwenye kikombe mkononi hapigi honi. Tukapata ile saa.

Zungukia nyumba tatu nne za jirani, usiingie ndani, salimia mlangoni. Ukirudi utakuta entanda inakungoja, nayo ni kitu cha njiani, masurufu. Mimi nilifungiwa viazi vya kuchemsha, karanga, na kuku jike mwekundu, hai, kafungwa miguu kwa kambaa.

Kukataa haiwezekani, na kwa upande mwingine nilikuwa naenda Kalangala, kisiwani, kwa barabara hadi Bukakata kisha kivuko hadi Luku, na dereva alishanitolea macho. Fanya hivi: mpokee kwa mikono miwili, piga magoti, shukuru, mshike kwa muda wa kutosha watu wote wamwone mikononi mwako. Kisha umwombe mwenye nyumba akutunzie. Nilisema kuku ni wangu, ila hajui kupanda kivuko, Jjajja anilindie, mayai ale mdogo wangu. Jjajja akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Akamfungua kamba mwenyewe.

Watakusindikiza. Usiwaambie warudi, na usiingie garini mlangoni kwao. Gari litangulie, wewe tembea nao. Tulikwenda hadi kwenye mfenesi ulio njia panda, Jjajja na fimbo yake, Maama na kanga yake ileile ya wema uliomponza. Hapo tukasema Tunaalabagana, kwamba tutaonana.

Ukifika

Piga simu usiku huohuo, kabla ya kutandika kitanda. Si ujumbe, sauti. Omba kuongea na mzee hata kama hasikii vizuri. Halafu panga siku ya kurudi ndani ya miezi mitatu, siku ya kawaida isiyo sherehe, ukae usiku mmoja, umenye ndizi.

Mimi nilirudi wiki ya kumi na moja. Kabla sijaketi Jjajja alinipeleka nyuma ya jiko akanihesabia vifaranga sita. Wawili, akasema, wamechukuliwa na mwewe, na hao ni hasara yangu.