Somo: Kuchagua SACCOS ukiwa mbali na benki (Tanzania)

Benki ikiwa makao makuu ya wilaya, nauli ya kwenda na kurudi humaliza faida yote ya kuweka akiba. SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) ya karibu inafaa, ila ikague kwanza.

1. Anzia kwa afisa ushirika wa halmashauri. Muulize ni SACCOS zipi zenye leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Wengi huteleza hapa: wakioneshwa cheti cha usajili ukutani, wanaridhika. Cheti kinathibitisha tu kwamba chama kipo. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kinachokiruhusu kufanya biashara ya kuweka na kukopesha ni leseni.

2. Omba masharti ya chama na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Tazama mikopo iliyochelewa kulipwa. Ukiambiwa mara mbili kwamba "hesabu ziko kwa mwenyekiti", tafuta chama kingine.

3. Riba iulize kwa shilingi. Chukua mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi. Ikikokotolewa juu ya mkopo wote hadi mwisho, riba ni 180,000. Ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, huku ukirejesha mtaji kwa mafungu sawa, ni 97,500. Asilimia ni ileile, kwa hiyo mwambie karani akuandikie jedwali la marejesho.

4. Ukilipa, stakabadhi itenganishe kiingilio, hisa na akiba. Vikichanganywa utasumbuka siku ya kukopa, maana vyama vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, na kiingilio hakihesabiwi.

MASWALI

Nikijitoa, narudishiwa hisa?
Akiba ndiyo hurudishwa, baada ya muda wa notisi uliotajwa kwenye masharti, mradi hudaiwi na hujamdhamini mtu mwenye deni. Hisa kwa kawaida unamhamishia mwanachama mwingine, kwa hiyo usinunue nyingi mwanzoni.

Chama kikifilisika je?
Bodi ya Bima ya Amana hulinda wateja wa benki, hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mteja katika benki moja. SACCOS haimo. Fedha ya mauzo ya shamba zima ni bora ikae benki, hata kwa kupitia wakala.

Jirani anaomba nimdhamini. Nitaathirika vipi?
Akishindwa kulipa, chama hukata kwenye akiba yako. Kabla ya kusaini, uliza wadhamini ni wangapi na fungu lako ni shilingi ngapi.