Ziba matundu ya meza kabla ya kuchapa kwenye printa ya UV

Ukichapa kipande kidogo cha foreksi (bamba jepesi la plastiki ya PVC) au akriliki kwenye printa ya UV ya meza, ile ambayo wino wake hugandishwa na taa ya UV, funika matundu yote ya kufyonza yaliyobaki wazi, yaani yale ya mezani ambayo pampu huvutia hewa ili kushikilia kipande. Mimi hutumia mabaki ya plastiki nyembamba, kingo zake nikizibandika kwa tepu ya karatasi. Pampu huvuta hewa panapopitika kwa urahisi. Matundu yakiwa wazi, nguvu yote huishia huko na kipande chako kinabaki kimekaa tu. Taa ikikipasha joto, pembe zinajikunja juu, na kichwa cha printa kikizigusa umeharibu kazi, pengine na kichwa chenyewe, ambacho bei yake unaijua.

Kifuniko kiwe chembamba kuliko kipande unachochapa, na kisiwe cha kung'aa. Karatasi ya fedha ya jikoni usithubutu: inarudisha mwanga wa UV juu, wino unagandia kwenye vitundu vya kichwa.

Mbinu hii haisaidii kwa vitu vinavyopitisha hewa, kama kitambaa, wala kwa vigae vyenye mifereji chini. Foreksi iliyokwisha kupinda nayo ni kesi nyingine: bandika kingo zote nne mezani, kisha pima kimo cha kichwa juu ya bamba kwenye sehemu iliyoinuka zaidi, si katikati kama tulivyozoea. Ikiwa bado inainuka, igeuze upande wa pili au tafuta nyingine. Mabamba yahifadhiwe yamelala, siyo kuegemezwa ukutani.