Namna ya Kulinganisha Maumbile ya Twiga na Pweza

Ukitaka kulinganisha wanyama wawili waliotofautiana sana, kama twiga wa mbugani na pweza wa miambani, usianze kwa kuorodhesha tofauti za sura, bali chagua kwanza kazi moja ambayo kila mnyama hana budi kuifanya ili aishi, kisha uchunguze jinsi kila mmoja anavyoitimiza.

Kazi inayofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni usafirishaji wa damu. Twiga ana moyo mmoja wenye misuli minene, nao husukuma damu kwa shinikizo linalokaribia maradufu ya letu ili ifike kichwani, takriban mita 2 juu yake. Pweza ana mioyo mitatu: miwili hupitisha damu kwenye matamvua na wa tatu huisambaza mwilini, tena damu yake ni ya buluu, kwa kuwa hemosianini inayobeba oksijeni ina shaba, ilhali hemoglobini ya twiga ina chuma. Andika kila jambo pamoja na sababu yake, kwani orodha tupu haielezi chochote.

Halafu pima ukaribu wa ukoo. Shingo ya twiga, ingawa ni ndefu mno, ina pingili 7 kama ya binadamu. Pweza hana uti wa mgongo kabisa. Hata hivyo, wote wawili wana macho yenye lenzi, ambayo yalikua katika koo mbili zilizotengana zamani sana, kwa hiyo usichukulie mfanano huo kuwa ushahidi wa undugu.