Mbwa, kupe na ugonjwa wa Lyme: ninavyofanya hapa Maine

Nafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama hapa Maine, Marekani, na kila theluji ikiyeyuka naanza kupigiwa simu za Kiswahili kutoka Portland na Lewiston: "Dada, mbwa ana kupe, nifanyeje?" Wengi wetu tumekua tukimjua kupe wa kahawia, yule anayejificha kwenye nyufa za banda. Wa huku anakaa kwenye majani makavu ya msituni. Mkubwa ni kama punje ya ufuta. Mchanga, anayesumbua zaidi kati ya Mei na Julai, hazidi mbegu ya mchicha. Nafuu yetu ni moja: akishang'ata, kwa kawaida bakteria wa Lyme, ugonjwa unaoenezwa na kupe huyu, huchukua saa 24 hadi 48 kumfikia mbwa. Saa hizo ndizo mtaji wako.

Hatua ya 1: Dawa, mwaka mzima

Mwombe daktari wa mifugo kidonge cha kutafuna au dawa ya kudondoshea mgongoni, kwa uzito wa mbwa wako. Kama ana kifafa, sema mapema, maana baadhi ya vidonge hivi vinaweza kuleta degedege. Theluji isikufanye uache dawa. Joto likipita nyuzi 4 za Selsiasi hivi, kupe mkubwa anatoka, hata Januari. Chanjo ya mbwa pia ipo: sindano mbili zinazopishana wiki 2 hadi 4, kisha moja kila mwaka.

Dawa ya mbwa yenye pamethrini (sumu ya kuua wadudu) usimpake paka kamwe. Nimewahi kumpokea paka anatetemeka mwili mzima kwa sababu mwenyewe aliona hasara kutupa dawa iliyobaki. Yule alipona baada ya siku tatu za dripu. Si wote wanaopona.

Hatua ya 2: Vidole, kila jioni

Kwenye manyoya mazito macho hayaoni kitu. Vua mkanda wa shingoni, anza kichwani: kope, masikio ndani na nyuma, chini ya kidevu. Shuka kwapani, katikati ya vidole, kwenye kinena, chini ya mkia. Pitisha ncha za vidole kinyume na manyoya yalivyolala, polepole, kama unachambua mchele. Ukigusa kipele kigumu, tenganisha manyoya na uwashe tochi ya simu. Kupe ana miguu, chuchu haina. Nalisema hilo kwa sababu mbwa dume naye ana chuchu, na nimeshaletewa zaidi ya mmoja aliyevutwa mpaka ikavimba.

Hatua ya 3: Kumng'oa

Tumia kibano chenye ncha nyembamba. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, si tumboni, kisha vuta kwenda juu kwa nguvu ile ile, bila kupindisha. Mafuta ya taa, vaselini na kiberiti viache: vinakula muda, na kupe aliyechokozwa anaweza kutapika ndani ya jeraha. Kipande cha mdomo kikibaki, usichokonoe. Ngozi itakisukuma nje. Safisha kwa spiriti, nawa mikono, mtumbukize kupe kwenye kichupa cha spiriti, na uandike tarehe kwenye kalenda.

Hatua ya 4: Kalenda

Tarehe ni ya nini? Dalili huja miezi 2 hadi 5 baadaye, ukiwa umeshasahau, na mbwa haonyeshi lile duara jekundu ambalo watu wengi hutokwa nalo. Leo anachechemea mguu wa mbele, kesho wa nyuma. Ana homa, anagoma kula. Doksisaiklini (antibiotiki) ya mwezi mmoja hivi mara nyingi humwinua ndani ya siku chache. Lakini akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa sana na kutapika, mlete siku hiyo hiyo, maana huenda figo zimeguswa. Wenye Labrador na Golden Retriever wawe macho zaidi.

Mbwa hakuambukizi wewe. Kupe anayetambaa juu ya manyoya yake, ndiyo, anaweza kuhamia kwako mkiwa kwenye kochi. Mkirudi kutoka msituni, ingiza nguo kwenye mashine ya kukaushia, moto mkali, dakika 10, kabla hujazifua.